Mwalimu Agatha Alipokuja Kumalizia Somo

Usiku ule nililala mapema, si kwa uchovu, bali kwa sababu sikutaka tena kuitazama tasnifu yangu. Jioni nilikuwa nimeing'oa sura nzima: mazungumzo yangu na akina mama wanaouza viazi Njombe. Msimamizi wangu mpya alikuwa amesema waziwazi, "Haya ni maneno ya sokoni, Neema. Wiki ijayo jopo likikuuliza falsafa ya utafiti wako, utasema nini? Baki na hojaji, baki na takwimu."

Nilitii, maana jibu sikuwa nalo. Falsafa kwangu ilikuwa ule ukurasa ambao sisi wanafunzi wa biashara huuandika kwa sababu waliotutangulia waliuandika. Ukweli ni nini, na tunaujuaje. Basi, tunaruka kwenda kwenye majedwali.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Agatha, aliyefariki ghafla wakati wa masika. Ndiye aliyenifundisha takwimu. Nilipojifungua katikati ya masomo na kutaka kuacha chuo, aliniambia nije na mtoto darasani. Mtoto alipolia alimchukua, akamfunga mgongoni kwa khanga yangu, akaendelea kuandika ubaoni. Darasa zima likacheka, naye akacheka. Sikuacha chuo.

Sasa usingizini nikamwona amesimama mlangoni mwa darasa lile lile, chaki mkononi. Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba si adabu kumwambia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

Nikasema ndiyo. Hakuonekana kupendezwa. Akageuka akatoka, nami nikamfuata kwenye ule ushoroba mrefu wa chuo, na ushoroba ukawa njia ya udongo mwekundu, na ukungu umeshuka, na tuko sokoni Njombe, asubuhi, malori yamefungua kuta za ubavuni kama mabawa yakisubiri mzigo. Mwalimu ananionyesha magunia ya viazi yaliyopangwa ukutani.

"Hesabu."

Nahesabu. Namtajia idadi. Anaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akifanya tukipata jibu sahihi, na mimi nafurahi kama mtoto.

Kisha anakwenda kwa Mama Shukuru, mmoja wa wale niliowahoji kweli, ambaye ameketi akishona gunia. Limejazwa kupita mdomo, viazi vimepanda juu kama kilemba, na kamba zimeshikilia kilemba hicho kisimwagike. Ndilo gunia wanaloliita lumbesa, linalolipiwa bei ya gunia moja. Mwalimu anachuchumaa mbele yake, anamsalimu kwa lugha ya huko.

"Kamwene, mama. Hilo ni magunia mangapi?"

Mama Shukuru anacheka bila kuacha kushona. "Inategemea anayeuliza, mwalimu. Mwenye lori atakwambia moja. Mgongo wangu utakwambia zaidi. Lakini kuna mnunuzi mmoja, mwaka ule mvua ilipoharibu barabara na wenzake wote wakakimbia, yeye alinifuata mpaka nyumbani. Kwake likizidi, sioni kama limezidi."

Hapo naona hojaji imo mkononi mwangu, na ninajiona nikipita kwa mama mmoja baada ya mwingine nikiuliza, "Msimu huu umeuza magunia mangapi?" Wananijibu, naandika. Hakuna aliyenidanganya. Ila kila mmoja anajibu juu ya gunia lake, na mimi nayajumlisha yote kana kwamba ni gunia moja.

Namgeukia. "Mwalimu, kwa hiyo takwimu zangu ni za uongo?"

"Si za uongo. Umehesabu vizuri."

"Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba kisichopimika tusikiseme."

Ananitazama. Ukungu unapita katikati yetu, na nyuma yake naona ubao, na magunia sasa yamejipanga kama madawati, na akina mama wote wameketi juu ya madawati hayo wakimsikiliza Mwalimu.

"Nilikufundisha kuhesabu," anasema. "Lilibaki somo la nani ameamua kwamba hiki ni kimoja. Sikulimaliza, Neema. Ndiyo maana nimekuja."

Nataka kumwambia asante. Asante ya mtoto mgongoni, asante ya kila kitu, lakini sauti haitoki, mdomo unafunguka tu. Anainua kiganja kama mtu anayepokea kitu.

"Nimesikia," anasema. "Wakikuuliza msimamo wako, usikimbilie majina ya vitabuni. Waambie umejuaje. Na uwarudishe wale mama."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na mto umelowa. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama.

"Unalia?"

"Namshukuru mtu," nikamwambia.

Akaenda kunichemshia chai. Niliirudisha ile sura mahali pake, na chini ya kila jedwali la magunia nikaeleza gunia lenyewe ni lipi na kwa nani.

Siku yenyewe ilipofika, jopo lilinibana asubuhi nzima. Swali la falsafa lilikuja mapema, na niliwaambia: idadi hizi nimezijua kwa kuhesabu, maana ya kinachohesabiwa nimeijua kwa kuwasikiliza wanaokibeba, na moja bila nyingine ingenipotosha. Msimamizi wangu akasema, "Mbona hukuniambia hivi tangu mwanzo?" Mjumbe mmoja hakuridhika mpaka mwisho. Lakini nilipita, na sura ile ndiyo waliyoiomba niiendeleze.

Jumapili nilipanda basi kwenda Makambako kumsalimia mama mzazi wa Mwalimu Agatha. Nilifikiri nitamweleza habari ya jopo na matokeo, lakini nilipoketi karibu naye jikoni, kilichonitoka ni ndoto. Nilimsimulia yote, mpaka kile kiganja kilichoinuliwa. Mama yule hakuniuliza kama ninaamini ndoto. Hakuniuliza gunia wala falsafa. Alikoroga uji wake taratibu, akaniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amevaa nini?"

Nikafikiri. "Sweta, mama. Zito, la rangi ya udongo, limefungwa vifungo mpaka juu."

Akafumba macho.

"Basi huko haoni baridi," akasema, na akanimiminia uji.