Muzee wa Kikapu na Ndugu Yake wa Kifaransa

Sisi tuliokulia mtaa wa Ngagara kabla kila mtoto hajawa na simu yake, tunajua kwamba mchezo wa televisheni ulikuwa na maadui watatu. Wa kwanza ni umeme, uliokatika bila kuaga. Wa pili ni habari za jioni, kwa sababu Papa akishaingia na kuvua viatu, televisheni ilikuwa yake. Wa tatu, ndani ya mchezo wenyewe, ni ndege weusi wa mlimani, walioshuka kwa kundi wakati umebakiza roho moja tu. Hao ndege walikuwa nafuu kuliko wenzao.

Mashine yetu ilitoka Kiriri, mtaa wa wenye pesa kule kilimani. Papa alikuwa mwalimu wa sekondari, na baada ya kazi alipanda kule juu kuwafundisha wageni fulani Kirundi. Siku walipofunga mizigo kurudi kwao, walimpa katoni: sufuria mbili, blanketi, na chini kabisa mashine ya mchezo, ya kijivu, yenye manete mbili za kushika na kubonyeza, na kaseti moja. Leo mtoto ana michezo mia na bado analalamika kwamba hana cha kucheza. Sisi tulikuwa na mmoja, na hata jina lake hatukulijua, maana kila kitu kiliandikwa kwa Kijapani. Wakati huo hatukujua kwamba ni Kijapani. Mimi niliona kama ndagala, vile visamaki vya ziwani, zilizoanikwa juani, nyingine zimenyooka, nyingine zimejikunja.

Ndani ya kaseti alikuwemo mzee mfupi mwenye kikapu mgongoni. Alitembea kijiji hadi kijiji, akiokota majani na kuwapa wagonjwa. Sisi tukamwita Muzee wa Kikapu. Ukimsogeza karibu na mtu, kisanduku cheusi kilifunguka chini ya skrini, ndagala zikajipanga, na mtu huyo alikuwa anasema jambo. Jambo gani, hapo ndipo tulipomhitaji dada yangu Goreth.

Yaya Goreth, kama tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Nilikaa kwenye mkeka na manete mapajani, yeye kwenye ukingo wa kiti cha Papa, kiti ambacho hatukuruhusiwa kukalia.

"Anasema nini?" nilimuuliza.

"Ngoja, mi niko nasoma."

Alifinya macho, midomo ikacheza kidogo, halafu akanieleza. Muzee alikuwa muuza chumvi. Binti yake alichukuliwa na maji akiwa mdogo, akaokotwa ng'ambo ya mto, na sasa baba yake anamuulizia kila kijiji. Mvuvi wa kijiji cha kwanza alimwona, lakini anaogopa kusema. Kijiji cha pili kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, aliyefanana na jirani yetu muuza mandazi, basi tukampa jina la jirani: Mama Bukuru. Yeye kila ukimfikia alikupa mkate. Goreth alisoma: "Muzee, kaa kwanza, ukule. Mutu mwenye njaa hapana kupata kitu."

Sentensi hiyo iliingia nyumbani kwetu ikawa ya wote. Mama alipokuwa akichagua maharage mlangoni alisikia kila kitu, na siku nyingine aliuliza bila kuinua kichwa, "Muzee amefika wapi leo?" Tukijibu kwamba bado yuko kwa Mama Bukuru, alisema, "Basi na nyinyi mukuje mukule." Papa yeye alikuwa na swali moja tu kwa miaka yote: "Huyu muzee wenu atawafanyia mutihani?"

Hatukuumaliza mchezo ule. Betri ya kaseti ilikuwa imekufa, hivyo haikukumbuka chochote. Kila siku tulianza upya pale pale, kwa mvuvi. Vijiji vitatu vya kwanza nilivijua kuliko kartie yetu, mtaa wenyewe wa Ngagara. Mwisho wa kijiji cha tatu kulikuwa na daraja, na mlinzi aliyeuliza swali lenye majibu matatu. Tulijaribu yote. Kila jibu lilimrudisha Muzee nyuma. Goreth alisema mlinzi anauliza, "Ukimupata, utamupeleka wapi?" Mimi nililala nikilifikiria swali hilo. Mtoto wa miaka saba! Watoto wa siku hizi wakikwama dakika mbili wanatafuta kwenye simu mtu wa kuwaonyesha.

Miaka miwili tulicheza hivyo, mpaka mashine ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na kunyamaza. Goreth akaenda shule ya bweni. Tukakua.

Nilipokuwa mtu mzima nikawa mpenzi wa michezo, nisione haya. Nimecheza mingi, ninayo maoni, na kuna tovuti ya Kifaransa ambako watu kama mimi hubishana juu ya michezo ya zamani. Ni pale nilipoeleza juu ya mzee, kikapu na daraja, na mtu mmoja akautambua na kunipa jina lake la kweli. Nilifurahi, nikawasimulia wote habari za chumvi, binti na Mama Bukuru. Mtu yule akajibu kwa adabu: "Nadhani unachanganya na mchezo mwingine." Nikamwona mjinga. Nilibishana naye wiki nzima. Nilimwandikia kwamba mimi nimevipita vijiji vile mara mia tano, yeye je?

Halafu, mwaka jana, ikatangazwa kwamba baada ya miaka yote hiyo, unatoka mchezo wa pili. Kwa Kifaransa.

Sikujua nifanye nini na furaha. Nilimpigia Goreth, ambaye sasa ana karakana ya kushona mtaani Cibitoke na binti wa miaka kumi na miwili, Ornella, mwenye mashine mpya. "Usiucheze kabla yangu," nilimwambia Ornella, kama vile namkataza kuonja chakula cha harusi. Kuushusha kwa mtandao wetu kulichukua siku tatu. Jumapili baada ya misa nikafika, na Goreth akafunga karakana.

Wacha niseme kwanza kama mpenzi wa michezo: wa pili ni mbaya. Muzee amepewa misuli. Anakimbia, anaruka mapaa. Kikapu kimekuwa begi la ngozi lenye mifuko kumi na miwili. Kuna mshale wa njano unaokuonyesha pa kwenda, na ukisimama kidogo kutazama mto, sauti inakukumbusha kazi yako kama mke mwenza. Hakuna anayekuacha upotee. Mchezo usiokuruhusu kupotea, mimi sioni safari iko wapi.

Lakini hayo ningeyasamehe. Kilichoniumiza kilikuja dakika tano za mwanzo, kwenye picha za kukumbusha yaliyotokea mchezo wa kwanza. Msimulizi alieleza kwa Kifaransa kizuri kabisa. Muzee hakuwa muuza chumvi. Alikuwa tabibu wa mfalme, aliyeiba dawa na kutoroka. Binti hakuna. Hakukuwa na binti yeyote. Majani aliyokuwa akiwapa wagonjwa yalikuwa ya kuwajaribu tu. Na mwanamke wa kitambaa cha kijani, wa kijiji cha pili, alikuwa mpelelezi wa mfalme, na mkate wake ulikuwa na sumu ya polepole. Ndiyo maana hakuna aliyevuka daraja kwa urahisi: ukila mkate ule, mlinzi anaijua harufu yake, anakurudisha.

Sisi tuliula kila siku. Miaka miwili.

Niliweka manete chini. "Mama Bukuru?" nilisema.

Ornella alicheka mpaka akalala kwenye kiti. "Tanti," akaniita, maana mimi ni mama yake mdogo, "mulikula sumu miaka miwili?"

Mimi sikucheka. Mama yetu alifariki miaka minne iliyopita, na siku zake za mwisho hospitalini, wakati mimi nilikuwa nimeshindwa hata kunywa chai, alinishika mkono akasema, "Kaa kwanza, ukule. Mutu mwenye njaa hapana kupata kitu." Nimeyabeba maneno yale. Sasa naambiwa, kwa Kifaransa, kwamba yalitoka kwa mtu mwenye sumu. Tena hayakutoka kwake. Yalitoka wapi basi?

"Ulitudanganya," nilimwambia Goreth.

Uso wake ukabadilika. "Mi sikudanganya mutu. Nilikuwa na miaka kumi na moja!"

"Ulisema unasoma."

"Ni ule mutoto wa Kiriri alinielezea. Ule mwenye bandeji kwa goti. Papa alinipeleka kule mara mbili, unasahau? Alinionyesha mupaka kijiji cha tatu. Ile ya chumvi, sawa, niliongeza mi. Lakini binti alikuwako. Mutoto mwenyewe alisema binti iko."

"Na Mama Bukuru?"

"Mama Bukuru... Ile maneno ni ya Mama. Ao Mama aliitoa kwangu. Usiniulize, sijui tena."

Tulikasirikiana kweli, wanawake wawili wenye akili zetu, kwa ajili ya mzee wa kwenye kaseti. Jumatatu nikaenda Ngagara kumuuliza Papa, maana yeye ndiye aliyepanda Kiriri. Siku hizi anasahau mambo, lakini hasahau yote. Bado anasahihisha Kifaransa changu.

"Papa, ule mtoto wa Kiriri mwenye mashine, aliitwa nani?"

"Mutoto gani? Wale hawakuwa na mutoto. Bwana na bibi tu, wazee."

"Sasa mashine ilikuwa ya nani?"

"Ya bwana mwenyewe. Alikuwa anacheza, bibi anamugombeza." Akafikiri kidogo. "Goreth alilia sana siku ile nimeleta katoni. Alisema, hii maandishi hakuna mutu atatusomea. Nikamwambia, basi wewe usomee mudogo wako."

Niliporudi kwa Goreth na kumweleza, aliapa kwamba mtoto alikuwako, hata rangi ya kaptula yake anaikumbuka. Sijui nani kati yao anakumbuka. Nimejaribu kuamua, nimeshindwa. Asubuhi namwamini Papa, jioni namwamini dada yangu.

Jumapili iliyofuata tuliumaliza ugomvi kwa sahani ya ndizi na maharage, bila kusema kwamba tunapatana. Ornella alikuwa ameshaumaliza mchezo kwa siku mbili. Ameupenda sana. Ndege weusi kwake ni kitu cha kuchinja kumi kumi. "Ni mzuri, tanti," alisema kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa. "Nyinyi munataka tu ule wenu." Halafu akafikiri jambo. "Unaweza kubadilisha lugha, unajua?" Akabonyeza mara tatu, na Kifaransa chote kikatoka. Zikarudi ndagala.

Kwenye skrini alisimama mwanamke fulani mlangoni mwa nyumba, na chini yake mistari miwili ya maandishi.

"Yaya," nilisema, "anasema nini?"

Sikupanga kuuliza. Goreth alivaa miwani, akasogea mbele. Alifinya macho. Midomo ikacheza kidogo. Ornella alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa kwa nini tumeacha kutafuna. Nilisubiri. Ningekubali lolote: chumvi, mto, mkate.

"Sijui," Goreth alisema mwishowe, polepole. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Mi naona maandishi tu, sha. Zamani nilikuwa naona mutu."

Ornella akarudisha Kifaransa.

Enzi zetu hatukuwa na mshale wa njano. Tulianza pale pale kila siku, tukarudishwa pale pale, na hakuna aliyetueleza chochote isipokuwa msichana aliyekalia ukingo wa kiti kilichokatazwa. Watoto wa leo wanaelezwa kila kitu, wanafika mwisho wa kila kitu, na Jumatatu wanadai kingine. Nataka kusema tulikuwa na bahati kuliko wao. Lakini ni Ornella aliyevuka daraja, mimi sijalivuka mpaka leo, na sina hakika kama lilikuwa daraja langu.

Juzi niliingia kwenye ile tovuti ili niandike maoni yangu na kuutolea wa pili hukumu inayoustahili. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali juu ya misuli na begi la ngozi. Kabla hawajakuruhusu kuandika, wanakuuliza swali moja: Je, ulicheza mchezo wa kwanza? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Nikampigia Goreth, nikamsomea swali, nikamuuliza nijibu nini.

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Wa kwanza gani?" aliuliza. "Wetu ao wao?"