Sauti Mbili kwenye Chumba cha Magodoro

Jamani, kama hujawahi kuingia chumba cha nyuma cha duka la Mamdogo wangu, wewe kimya hukijui. Magodoro yamesimamishwa kuta zote nne, mengine yamelazwa juu kwenye mbao kama dari. Ukifunga mlango, honi ya lori barabarani inakuwa kama mtu kapiga chafya mtaa wa tatu. Siku ya kwanza nilisikia tumbo langu mwenyewe likifanya kazi, nikaona aibu!

Mamdogo ni kitinda mimba wa kwao, mama yangu ndiye dada yake. Mfupi, mcheshi, mdomo haupoi. Mteja akija anamwambia, "Lala, mpenzi, usione haya, godoro halinunuliwi kwa macho." Halafu huko nyuma, katikati ya bidhaa, ana meza, kompyuta, maiki mbili, na kiti kinacholia kwee kwee ambacho ni marufuku kukikalia mtu akiimba. Studio kamili! Na hajasomea popote. Aliangalia video kwenye simu, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Bibi mpaka leo analalamika, "Mwanangu, godoro kazi yake ni kulaliwa." Mamdogo anamjibu, "Mama, na haya nayo yanalaza kelele."

Sasa sikia habari ya Mzee Gundi.

Mzee Gundi anashona viatu kwenye kibanda mbele ya duka. Ana wimbo mmoja tu maisha yake yote, aliomtungia mkewe enzi za uchumba, na sisi wote tunaujua kwa sababu anauimba akigonga misumari. Basi akakutwa na kauvimbe kooni. Upasuaji Jumatatu. Daktari akamwambia utapona, mzee, ila sauti inaweza ikarudi ikiwa nyingine.

Alhamisi akaja na gitaa lake. "Binti, nitunzie hii sauti kabla hawajaigusa," akamwambia Mamdogo. Akavalishwa hedifoni zenye mdundo wa kumshikia mwendo, akaimba raundi tano. Kesho yake daktari akampiga marufuku: asiongee, asiimbe, asinong'one. Kwa hiyo kilichokuwa ndani ya kompyuta ndicho hicho hicho. Kurudia hakuna. Na mzee anataka ausikie wimbo wake mzima kabla ya kulala kile kitanda cha hospitali.

Jumamosi mchana Mamdogo kakaa kuunga vipande vya wimbo, mimi nimejibanza kwenye godoro la futi sita.

"Raundi ya tatu ndiyo sauti," akasema. "Ubeti wa pili pale, vinyweleo vyote vinasimama. Ila sikia kidole."

Nikasikia. Ting! Mzee kakosea uzi wa gitaa, pale pale penye utamu.

"Sasa si kuna maiki mbili? Moja mdomoni, moja kwenye gitaa, kila moja na mstari wake hapa kwenye skrini. Kwa ubeti huu nachukua mdomo wa raundi ya tatu, gitaa la raundi ya kwanza. Nani atajua?"

Akakata, akabandika. Kwenye kiungo pakalia tak! Hakushtuka hata kidogo. Akapavuta karibu kwenye skrini, akazipandisha ncha mbili moja juu ya nyingine kidogo tu, tak ikafa. "Tusonge."

Akabonyeza kucheza. Ubeti wa kwanza, safi. Ubeti wa pili... weee! Mzee Gundi wawili! Mmoja anaimba mbele, mwingine yuko mbali kama katumbukia kisimani, anamfuatisha kwa kuchelewa.

"Mamdogo, kompyuta imepagawa," nikasema. Nikachomoa simu. "Huku wanasema ufute programu yote uiweke upya."

"Wewe ukisikia harufu jikoni unabomoa nyumba? Unafunua sufuria moja moja. Weka simu chini."

Akazima mstari wa gitaa, akaacha wa mdomo. Mzee mmoja. Akazima wa mdomo, akaacha wa gitaa. Na huyo hapo! Kwa mbaaali, ndani ya gitaa, Mzee Gundi anaimba.

Mamdogo akacheka mpaka kiti kikalia kwee kwee. "Mwizi tumempata! Maiki ya gitaa nayo ina masikio, mtoto. Mzee alikuwa anaimba na kupiga papo hapo, kwa hiyo gitaa la raundi ya kwanza limebeba sauti ya raundi ya kwanza. Nimewaoza watu ambao hawajaonana."

Dawa ni moja: mistari miwili ifungwe pamoja, ukikata mmoja na mwenzake akatike. Akaifunga, akarudisha raundi ya tatu yote, mdomo na gitaa lake. Mzee wa kisimani akatoweka. Ila ting ikarudi.

Akajaribu kulishusha gitaa sauti. Ting bado ipo, kwa sababu hata maiki ya mdomo imeisikia. Akatuliza mikono. "Sauti nzuri na ting, au raundi ya kwanza, sauti ya kawaida bila ting. Huu si uamuzi wangu. Mwite mwenyewe."

Mzee Gundi akaja na gitaa mgongoni, mkono mmoja umeshika kiatu cha mtu.

"Karibu, mzee wangu. Leo angalau na sisi tutapata nafasi ya kuongea," Mamdogo akamchokoza.

Mzee akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa: *Ongea sasa. Jumanne zamu yangu.*

Tukamchezea zote mbili. Ya kwanza akatikisa kichwa tu. Ya pili, ilipofika ting, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka bila sauti, kaziba mdomo na kile kiatu!

Akadonoa kwa muda mrefu, akatuonyesha: *Uzi huo nimeukosea tangu siku ya kwanza namwimbia mke wangu. Ile raundi ya kwanza nilijikaza tu. Ukiutoa ataniuliza nimemrekodi mwanaume gani.*

"Basi biashara imeisha!" Mamdogo akapiga meza. "Ting inabaki, na ole wake atakayeigusa."

Akamalizia ubeti wa tatu, akaubeba wimbo mpaka kwenye spika ya dukani, mbele kabisa, akaufungulia. Mteja mmoja aliyekuwa kalala anajaribu godoro akainua kichwa: "Redio gani hiyo?" Mzee Gundi akajigonga kifua kwa kidole.

Halafu akavuta kiti, akashika gitaa, akaanza kupiga pamoja na sauti yake mwenyewe. Midomo kaifunga kabisa, marufuku kaiheshimu. Nilikuwa namwangalia vidole tu. Ubeti wa pili ukaja, utamu ukapanda, yule mteja kafumba macho.

Ting! Ya kwenye spika na ya mkononi, kwa mpigo mmoja.

Mamdogo akanigeukia, meno yote nje. "Umeona? Hata ule mdundo wa hedifoni hakuuhitaji."