Kazi ya Orpha Ilikuwa Kuanguka

Usiku ule nilikaa barazani kwa daktari, hapa kwetu Niles, nikiutazama mlango wa chumba cha wagonjwa. Nyuma yake alilazwa binti yangu Orpha, na hakuna aliyeniambia kama ataamka.

Kazi ya Orpha ilikuwa kuanguka. Kampuni ya sinema iliyopiga kambi korongoni ilitengeneza filamu za kuwadhihaki wale mashujaa wa sinema wapandao farasi weupe, wasiocheka hata kidogo. Sherifu wao, yule mkuu wa polisi, alipanda nyumbu akiutazama mkia. Mchekeshaji aliyemwigiza aliogopa kuteguka, basi Orpha alivaa suruali yake akaanguka badala yake. Alijifunza utotoni ghalani kwetu, akijirusha kutoka juu ya majani makavu. Nilimkemea, lakini nilimtazama pia: sketi imejaa upepo, kama vile ardhi haina haraka naye.

Kando yangu aliketi Tully, mpiga picha wa kampuni hiyo na mpangaji wetu.

"Umeninunia, mama."

"Niambie tena ilivyokuwa."

"Nyumbu alimrusha. Akatua, akalala kama gunia. Tukacheka, maana alilala vizuri kweli."

"Na hukwenda kumwinua?"

"Mpini wa kamera ukizunguka, aliyeanguka haguswi. Orpha ndiye mkali zaidi kwa hilo. Juzi juzi nilimkimbilia, akaniambia, 'Umeniharibia anguko langu, yaya wee.' Kambi nzima ikaniita yaya."

"Kwa hiyo leo ukaogopa kuitwa yaya."

Aliinamisha kichwa. "Niliuzungusha mpini mpaka filamu ikaisha."

Sikuwa na nguvu za kumgombeza. Yeye huzungusha polepole ili kwenye pazia mambo yaende mbio. Niliwahi kumwona Orpha kwenye pazia huko mjini, watu wakifuta machozi kwa kicheko: alianguka na kuruka juu kama panzi kabla sijavuta pumzi. Lakini barazani pale, nilipofumba macho, alianguka taratibu mno. Vumbi lilipanda kama unga, nywele zikamfunika uso, nyumbu akasimama akitafuna. Orpha hakufika chini. Nilitamani abaki huko huko hewani, hata asubuhi, hata milele, mradi asitue.

Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa anafuta mikono.

"Mguu umevunjika," akasema, "ila ameamka na anazungumza. Ingia, mama, usimchoshe."

Tully alisimama, kisha akakaa tena. Nikamshika mkono wa shati, tukaingia wote wawili.