Foleni ya Pili

Kaltuma Mzamil alijifunza kompyuta Mombasa, katika duka la intaneti la Majengo ambalo mmiliki wake hakuwa na uwezo wa kununua programu za bei. Mashine zake zote saba zilitumia programu za bure, na nusu ya kazi ilifanywa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, bila picha wala vitufe vya kubofya. Wasichana wenzake waliikimbia skrini ile. Kaltuma, aliyezaliwa kisiwani Darakasi na kuvushwa hadi Kenya akiwa na miaka sita, mwaka wa vita, aliipenda kwa sababu moja: ukiiuliza jambo hukujibu, na haikuonei haya.

Aliporudi Somalia, mjini Kismayo, akiwa mtu mzima, ujuzi huo ndio uliompatia kazi. Aliajiriwa na shirika dogo lililosajili familia za Kibajuni zinazorejea kutoka kambi za Kenya. Ofisi ilikuwa juu ya duka, nyuma ya soko, na wafanyakazi walikuwa wawili tu: yeye na mkuu wake, Bwana Nabil, mtu wa mjini hapo hapo, mkimya, ambaye kila akipokea simu hufunga mlango. Duka la chini lilikuwa la Faisal, mtoa nakala na mpiga picha za pasipoti. Intaneti ikigoma huko juu, ni yeye aliyeitwa.

Mwaka huo kazi ilikuwa ya viwanja. Familia mia moja na arubaini zingepewa pa kujenga, na orodha ingesomwa siku moja mbele ya watu wote. Kabla ya hapo hakuna aliyetakiwa kuiona isipokuwa Nabil na Kaltuma, kwa kuwa madalali wa ardhi walikuwa wengi mjini kuliko viwanja vyenyewe.

Jumatatu moja asubuhi akaingia mama mmoja kutoka Burgao, Umi Abubakar. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu ambaye hana hakika kama amekaribishwa.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza," alisema kwa lafudhi ya Kibajuni. "Kuna mchu kanipigia simu. Ataka kununua kiwanja changu, nambari hamsini na tatu. Nami sijui kama nina kiwanja."

Kaltuma akafungua orodha. Hamsini na tatu: Umi Abubakar, Burgao. Hata nambari ya simu ilikuwa ile ile.

"Ni nani huyo mtu?"

"Hakutaja jina. Yuwazungumza kwa upole sana. Huo upole ndio ulionitia hofu."

Nabil alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, amesikia yote. Alingoja mama wa watu ashuke ngazi.

"Orodha inachapwa na nani?" akauliza.

"Na mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hiyo "basi" ilimkaa Kaltuma moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Alijua kuwa yeye hakuitoa orodha. Aliyebaki ni mmoja. Mbona Nabil hakushangaa? Simu zile za nyuma ya mlango alizungumza na nani? Siku ya pili alimwona akihesabu karatasi zilizobaki kwenye bunda, kisha akaondoka na kompyuta yake kwenda nayo nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ilipofika Jumatano kila mmoja alikunywa chai yake kivyake, akimpa mwenzake mgongo.

Adhuhuri ya siku hiyo, Nabil alipotoka, Kaltuma aliamua kuiuliza mashine. Aliandika amri ya kuonyesha kazi zote zilizokwisha kuchapwa. Zikashuka mstari kwa mstari: orodha ya viwanja ilikuwa imechapwa mara nne katika wiki tatu, na kila mara ilitumwa mara mbili, kwa tofauti ya dakika chache. Zote zilikuwa kwa jina lake. Angeingia mtu wakati ule na kusoma, angesema mwizi ni huyu.

Kisha akakumbuka. Kwa wiki kadhaa printa ilikuwa na ukaidi. Ukituma kazi, kimya. Ukiituma tena na kuitaja printa kwa jina, inatoka. Yeye alilaumu chumvi ya bahari na vumbi. Lakini hapa mashine ilisema kwamba zile za kwanza nazo zimekamilika, na kazi haikamiliki bila karatasi kutoka mahali fulani.

Akaandika *lpstat -v*, amri inayoonyesha kila foleni ya kuchapa na wapi inapopeleka kazi zake. Alitarajia mstari mmoja. Ikaja miwili. Wa kwanza uliitwa *ofisi*, nao ulikwenda kwenye printa iliyokuwa mbele yake. Wa pili uliitwa *ofisi2*, na ulikwenda kwenye anwani ambayo hakuijua. Foleni hiyo ya pili ndiyo iliyowekwa kuwa ya kawaida: kila kazi isiyotajiwa printa ilikwenda huko.

Akautazama mlango wa Nabil. Alikuwa karibu kabisa kuapa. Lakini aliangalia kwanza faili la mipangilio lilibadilishwa lini. Jumatano ya tarehe kumi na mbili, wiki tatu nyuma, saa sita na dakika arubaini mchana. Akafunua kalenda ya ofisi. Siku hiyo Nabil alikuwa Ras Kamboni akisajili familia, na alilala huko.

Nani, basi? Tarehe kumi na mbili intaneti ilikuwa imekatika, na Faisal akapanda kuitengeneza. Kaltuma mwenyewe ndiye aliyeandika neno la siri. Kisha akainuka kwenda kuswali chumba cha nyuma, akamwacha jirani kwenye kiti chake.

Hata hivyo hakutaka kumdhulumu mtu kwa dhana, kwa kuwa siku tatu nzima alikuwa ameshamdhulumu mwengine. Akaandika orodha ya uongo, jina la shirika likiwa juu kama kawaida. Ndani yake alimtia marehemu bibi yake, Fathiya wa Darakasi, kiwanja mia moja sitini na moja, nambari ambayo haikuwapo, na laini ya pili ya simu yake mwenyewe Kaltuma, ambayo watu wachache waliijua. Akaituma bila kutaja printa. Mashine iliyokuwa mbele yake haikutikisika. Kutoka chini, kupitia dirisha la ngazini, alisikia printa ikivuta karatasi.

Simu ilikuja Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Bi Fathiya?" Sauti ya mwanamume, laini kama mafuta.

"Ndimi."

"Alhamdulillahi. Mimi ni mtu wa kheri, abaayo, dada yangu. Kiwanja chako mia sitini na moja kina mgogoro. Bora uuze mapema."

Kaltuma alisema atafikiri. Akaenda kugonga mlango wa Nabil, akamweleza yote tangu mwanzo, na neno la siri hakulificha. Nabil alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulidhani ni mimi," akasema.

"Nawe ulidhani ni mimi."

"Tangu Jumatatu chakula hakinipiti."

Wakashuka pamoja. Faisal alikuwa akikata picha za pasipoti. Kwenye benchi alikaa Zakir, dalali, na bilauri ya chai mkononi, kama alivyokaa kila siku. Kaltuma akaipigia nambari iliyompigia asubuhi. Simu ikalia mapajani mwa Zakir. Aliitazama, akamtazama Kaltuma, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Walaal, ndugu yangu," Faisal akamwambia Nabil haraka haraka, "mashine hizi huonana zenyewe kwenye mtandao. Karatasi zikitoka hapa, mimi nifanyeje?"

"Na kumsomea dalali?" Kaltuma akauliza. "Nazo zamsomea zenyewe?"

Faisal aliinama akaendelea kukata picha. Zakir aliweka bilauri chini, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Kaltuma aliifuta foleni ya pili kwa amri moja, akabadilisha neno la siri. Kamati ya familia ilimwita Faisal. Hakukana, alisema alimpa Zakir orodha "kuangalia tu". Baada ya miezi miwili alihamisha duka. Nambari za viwanja zilipangwa upya kwa kura, hadharani, na Umi akapata chake.

Lakini mzee mmoja aliyekuwa bado kambini Kenya, Mzee Idris, alikuwa amekwisha kutia dole gumba kwenye hati ya kuacha haki yake ya kiwanja. Kaltuma alimpigia simu. Mzee alieleza kuwa aliambiwa na watu wa dalali kwamba orodha yote itafutwa, heri achukue kidogo anachopewa.

"Nitakuandika kwenye awamu ijayo, babu," Kaltuma alisema. "Jina lako litakuwa la mwanzo."

"Na hiyo orodha, nani aiona?"

"Mimi na Bwana Nabil. Basi."

Mzee Idris akasema atamuuliza mwanawe kwanza, akakata simu.