Jaketi Nililomfunga Babaako

Iko asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najiona nimesimama mlangoni, mikono yangu kifuani kwa babaako, namfunga mikanda ya jaketi la kuokolea. Yeye anaviangalia vidole vyangu. Akaniuliza, "Dada, hili litanibeba kweli?" Nikamjibu, "Litakubeba." Kaa kitako nikueleze. Jambo hili nimelinyamazia tangu wewe hujaanza skuli, na leo umenilazimisha mwenyewe bila ya kujua.

Jana umeniletea jaketi lako. Panya wamelila ndani, boya lake limebaki makombo, na Jumatatu askari wa doria wanakuja dikoni kukagua vyombo kabla havijaingia baharini. Ukaniambia, "Shangazi, nitilie hata matambara, ulishone lipendeze tu, wakishapita basi." Ukacheka, ukaondoka zako. Mie nimelikata mikasi vipande vipande, kwa hivyo usilitafute. Kama utakasirika, kasirika, lakini nisikilize mpaka mwisho. Unanijua mdomo wangu ulivyo mkali. Leo ukali huo sina wa kumpa ila nafsi yangu.

Mie na babaako tumezaliwa Mgogoni, kwa watu wa jembe. Nilipoolewa na Faki nikaletwa huku pwani ya Wete, sikuja na kitu cha maana ila cherehani aliyonipa mama. Wake wa wavuvi walinicheka mwanzo, mtoto wa shamba asiyejua kupara samaki, lakini haukupita mwaka wote wakawa wananiletea nguo. Nilikuwa fundi, mwanangu, sijisifu. Nikikutilia kiraka, ulikuwa huna budi kukitafuta kwa vidole, kwa macho hukioni. Watu wakaniita Bi Fundi, na mie jina lile nililipenda kuliko nililopewa na wazazi wangu.

Faki, Mungu amsamehe, alikuwa mvuvi wa mshipi. Alikuwa na kiboti chake cha faiba na mashine ndogo nyuma, wakienda watu wawili, yeye na mwenzake. Chambo alikipata kwa wavu mdogo aliokuwa akiutega karibu na mikoko. Wavu ule ukapoteza maboya yake. Ndipo siku moja nikamkuta uani amekaa na kisu, amechana majaketi mawili, anatoa lile boya jeupe la ndani na kulikata vipande vya kufunga kwenye wavu. Nikamuuliza, "Na askari je?" Akanambia, "Ndiyo nakusubiri wewe."

Nataka unielewe tulivyokuwa tukifikiri, maana ndivyo unavyofikiri wewe hivi sasa. Kwetu sisi jaketi lilikuwa kitu cha kumuonesha askari. Wanaume dikoni walikuwa wakiliita nguo ya askari, na hakuna aliyelivaa akishapita ile ncha ya mikoko ambapo diko halionekani tena. Lilikuwa linavuliwa, linasukumwa chini ya ubao wa kukalia, na mtu anaendelea na kazi yake. Basi lile boya la ndani lilikuwa na faida gani? Tulikuwa na godoro kuukuu la sponji. Nikalikata kwa kipimo, nikayajaza yale majaketi, nikayashona kwa uzi wa rangi ya chungwa, mshono juu ya mshono wa kiwandani, tundu juu ya tundu. Yalitoka mazuri kuliko mapya. Faki akayageuzageuza, akacheka, akasema mkono huu wangu serikali haiuwezi.

Na mie nikafurahi. Sikufichi. Nikalala usingizi wangu.

Walikuja na wengine. Kwa siri, mmoja mmoja, jaketi limefungwa ndani ya kanga. Huyu lake limeliwa na panya, huyu lake limekauka kwa jua, huyu kama Faki, amelifanya maboya. Niliwashonea wote. Ukaguzi ulikuwa ukija, vyombo vyote vya diko letu vinapita, na nikisikia hivyo najiona na mie ni mtu mkubwa.

Palikuwa na jaketi la tatu nyumbani. Hilo Faki hakuligusa, la ndani lilikuwa zima, ila limepauka na mkanda wake mmoja umekatika, na askari walishalikataa mara moja. Tukalitundika ghalani, kwenye msumari.

Sasa siku yenyewe. Mwenzake Faki alishikwa na homa. Babaako alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mgogoni, ametuletea muhogo, na Faki akamuomba amsaidie safari moja tu, maana Idi imekaribia na watu wanataka samaki. Babaako bahari alikuwa akiiogopa, tena hakuona haya kusema. "Shemeji, mie mtu wa jembe, maji yakinifika magotini nshaanza kusoma dua." Tukamcheka. Lakini alikuwa mtu wa kutokataa ombi, babaako. Akasema haya, ila atavaa jaketi kutoka hapa nyumbani mpaka atakaporudi, na atakayemcheka amcheke.

Nikalichukua moja katika yale mawili; lile zima nikaliacha ghalani kwenye msumari, maana askari wangelikataa. Namfunga mikanda, ndipo akaniuliza lile suali.

Mwanangu, pale palikuwa na pumzi moja tu ya kusema ukweli. Faki alikuwa nyuma yake, ananitazama. Majirani wawili walikuwa barazani wakimenya muhogo. Ningelisema, ningemfedhehesha mume wangu, ningejifedhehesha mwenyewe, na safari isingekuwepo. Nikajiambia, bahari leo shwari, wanaenda na kurudi. Nikamwambia ndugu yangu wa tumbo moja, litakubeba. Akaniamini, kwa sababu mie ndiye niliyemlea mgongoni.

Nikawafuata dikoni, sijui kwa nini, siku nyingine sikuwa nikienda. Askari walikuwepo. Alikuwepo kijana mmoja wa Kiunguja, mpole, akisalimia kila mtu kabla ya kumkagua. Aliangalia leseni, akaangalia namba ya chombo, akamwambia Faki avae jaketi lake na yeye. Akaja kwa babaako. Akauvuta mkanda, akambonyeza kifuani kwa viganja viwili. Sponji ikainama, ikarudi. Nikasimama pale naomba, na unajua nilikuwa naomba nini? Nilikuwa naomba asigundue. Akasema, "Ingekuwa wote mna majaketi kama haya, sisi tungelala majumbani kwetu." Wakapita. Babaako akanipungia mkono, amekaa wima katikati ya kiboti, mzito mzito, kama mtu aliyevalishwa koti la harusi.

Waliyokutana nayo huko aliniambia Faki siku ya hitima, watu wameshatawanyika, mlango tumeufunga. Walikuwa nje ya kisiwa cha Fundo, kwenye mkondo, pepo zikabadilika. Wimbi la kwanza likajaza chombo, la pili likakigeuza, na mashine ikakivuta chini. Faki jaketi lake alishalivua zamani, liko chini ya ubao, limekwenda na kiboti. Kilichobaki juu ya maji ni dumu moja la petroli, karibu tupu. Babaako ndiye aliyelidaka. Halafu akamuona Faki hana jaketi, anapigapiga maji. Akamsukumia lile dumu. Akamwambia, "Shika wewe, shemeji, mie ninalo jaketi."

Faki alilishika. Alijua kilichomo ndani ya lile jaketi, na alilishika lile dumu kwa mikono miwili. Mwanzo babaako alikuwa anaelea kidogo, anasema maneno ya kumtia moyo mwenzake. Sponji unaijua, mwanangu. Umewahi kutia mkate kwenye chai. Faki alisema babaako hakulia wala hakupiga kelele, alikuwa anazidi kuingia tu majini, na usoni anashangaa.

Chombo kingine kilimuokota Faki kabla ya alasiri. Babaako walimkuta siku ya pili yake kwenye mikoko, jaketi liko kifuani na mikanda yote imefungwa. Nilifunga vizuri.

Yule askari alikuja nyumbani siku ya tatu. Alivua kofia, akatoa pole, akaliweka lile jaketi barazani, na maji yakaanza kutoka, yakatoka mpaka yakashuka ngazi. Akasema kwa adabu, "Bi, hili limefunguliwa likashonwa tena. Mnajua ni nani aliyelishona?" Nikamwambia tumelinunua hivyo hivyo. Akainua macho akaiona cherehani yangu ndani, na juu yake kigurudumu cha uzi wa rangi ya chungwa. Akakitazama muda mrefu. Nilisubiri anikamate. Hakusema ila, "Mie ndiye niliyempitisha," akaondoka, kofia iko mkononi.

Haukupita muda watu wakaanza kusema kwamba alipewa rushwa ili awapitishe. Nani aliyeyaanza maneno hayo sijui, lakini aliyeweza kuyazima ni mie, na sikuyazima. Akahamishwa. Bibi yako amekufa anamlaani kijana wa watu. Mamaako alikaa eda yake akiamini hivyo. Na wewe umekua na maneno hayo mdomoni, kila ukisimamishwa dikoni unawaambia wenzako hao ndio waliomuua babaangu. Nimekusikia zaidi ya mara moja. Nikaendelea na kushona kwangu.

Wale wanaume walioniletea majaketi yao walikuja kwenye maziko, wakanipa mkono, hakuna aliyeniangalia machoni. Walijua wote. Diko zima lilijua, na diko zima lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake nyumbani. Na Faki hakurudi baharini tena. Alikwenda kulilima shamba la babaako mpaka maradhi yalipomlaza. Ule muhogo aliokuwa akiwaletea kila mavuno, mkimwita mtu mwema, ulikuwa ni kwa ajili hiyo. Nilimsihi tuseme, akaniomba ningoje afe. Amekufa, na bado niliendelea kungoja, mpaka jana ulipokuja na jaketi lako mkononi na ombi lile lile la Faki.

Haya, nimemaliza. Sasa nakuusia, na unisikilize hata kama hutaki tena kunitazama.

Usiende baharini Jumatatu, wala siku yoyote, na jaketi ambalo mwenyewe hujalijaribu. Livae, ingia maji ya kifua hapo mbele ya diko, nyanyua miguu, ukae humo mpaka vidole vikukunjamane. Likichoka kukubeba, litupe. Ukinunua, nunua la kukutosha, na mwenzako umnunulie au asipande chomboni mwako, hata akiwa mkweo. Ukishapita ile ncha ya mikoko usilivue. Najua litakuunguza, najua utavuta mshipi kwa tabu, na hao wenzako watakucheka. Kuwa na firimbi, kuwa na dumu tupu lililofungwa kifuniko, na mtu wa nchi kavu umwambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Na askari akikuomba ulifungue jaketi aone la ndani, mfungulie, umshukuru. Mie nilisimama nikaomba asilifungue, na dua yangu ikapokewa.

Tena jambo jengine. Akija mtu anakuuliza juu ya chombo chako au mashine yako, hili litanibeba, na wewe unajua haliwezi, sema. Aibu ya pale mlangoni ingelikuwa ya siku moja. Watu wangenisengenya mpaka Idi, halafu wangepata habari nyengine, na babaako angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, mzee mwenye mvi, ananikebehi kwa mapishi yangu.

Kesho nitakwenda Mgogoni kumwambia mamaako, kwa mdomo wangu. Usinitangulie. Na yule askari, kama yu hai, nitamuulizia mpaka nijue alipo, maana hajui kama kuna mtu anayejua kwamba hakukosa.

Mungu akulinde, mwanangu. Kila utakapotoka akurudishe nchi kavu na pumzi zako, akupe riziki isiyokuja na kilio, akujaalie watoto watakaokuona ukizeeka. Na akupe moyo wa kunisamehe. Kama hilo la mwisho hatakupa, mie sitomlaumu. Akurudishe tu nchi kavu.