Baba Yenu ni Mmoja?

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa wa kwanza katika mtihani wa akili wa kampuni, huniuliza mbona basi nimezeekea kwenye majani chai. Huwa nawajibu kwamba ofisi hazikunipenda. Leo nitasema ukweli, na anayetaka kunichukia anichukie, nimeshazoea.

Tulikuwa wasichana wawili nyumbani, juu ya soko la Magwagwa. Mwenzangu alikuwa mtoto wa baba mdogo. Mama yake alirudi kwao akamwacha angali mchanga, na baba mdogo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai ya Kericho, hana wa kumlelea. Wakati huo mama alikuwa ananinyonyesha mimi. Akampokea, akamweka upande wa pili, tukanyonya sote wawili. Tangu hapo tulikula sahani moja, tukalala kitanda kimoja, na kiboko kikitoka tulichapwa wote hata kama aliyekosa ni mmoja. Kwetu mtu wa namna hiyo huitwa dada, basi. Neno "binamu" nililikuta kwenye kitabu cha Kiswahili shuleni, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, nikaliacha hukohuko.

Tulimaliza kidato cha nne pamoja, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kampuni moja ikatangaza kwamba inafungua ofisi mjini Kisii na inataka makarani wanne, wasichana pia waombe. Baba alikuwa ameshatoa neno lake: mwaka ukiisha sina kazi, atawakaribisha wazee fulani waliokuwa wakituma salamu kwa ajili ya mtu wao, mwanamume ambaye angeweza kunizaa. Ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Mwenzangu hakuwa na mtu wa kumharakisha, baba yake alikuwa mbali. Mimi kazi ile pekee ndiyo ingeniokoa, na nyumba nzima ilijua.

Kampuni yenyewe haikutosheka na vyeti. Ilitaka mtihani wa kufikiri. Aka! Tukajiuliza, kufikiri nako kunasomewa? Mwalimu mmoja wa Marani, Msabato, aliwahi kufanya mtihani kama huo Nairobi akaanguka, na alikuwa amebaki na kijitabu cha mazoezi. Akatuazima wiki tatu kwa sharti kwamba siku ya Sabato tusikifungue. Hatukukifungua. Tulikuwa tumeshanakili maswali kwenye daftari.

Kila swali lilikuwa na maelezo mafupi, kisha jambo moja la kuamua, nawe uchague: kweli, si kweli, au haijulikani. Juu ya kila ukurasa paliandikwa onyo kwamba utumie yaliyoelezwa hapo tu, usitumie unayoyajua wewe. Onyo hilo lilimshinda mwenzangu kabisa. Nikawa namtungia maswali ya kwetukwetu tukichuma chai, mimi mstari huu, yeye ule, tukipigiana kelele.

"Malori yote yanayopita Keroka yamebeba ndizi. Lori hili limepita Keroka. Je, limebeba ndizi?"

"Uongo! Jumatatu nimeona la mbao."

"Nani amekuuliza ulichoona Jumatatu?"

"Sasa nijifanye kipofu?"

"Ndiyo, jifanye kipofu! Wanataka vipofu wanaojua kusoma."

Alicheka hadi majani yakamwagika. Mama alikuwa mstari wa chini, akainua kichwa. "Hiyo ndiyo kazi ya ofisi, kubishana juu ya malori? Basi waniajiri mimi."

Siku nyingine nikamwambia: makarani wote wana funguo, mtu huyu ana funguo, je, ni karani? Akasema kweli. Nikamwambia haijulikani. Akapandwa na hasira. "Kwani funguo amezitoa wapi?" Nikasema pengine ni mwizi. Akasimama na kiganja kimejaa majani, akafikiri, akacheka peke yake, na tangu siku hiyo hakukosa tena. Wakati mwingine alinipita. Ni mimi niliyemfundisha kujibu lile lililoulizwa tu na kunyamazia mengine yote. Nataka hilo lijulikane.

Mtihani tuliufanyia katika ukumbi wa kanisa mjini Kisii. Majina yalipobandikwa mlangoni nilikuwa wa kwanza, yeye wa tatu. Tulikumbatiana palepale barabarani mbele za watu, tukanunua chapati moja tukagawana. Yalikuwa yamebaki mahojiano tu. Usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tena.

Aliyetuhoji alikuwa bwana mmoja kutoka Nairobi, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alinihoji peke yangu kwa Kiingereza, nikamjibu vizuri, akatabasamu. Kisha akafungua faili ya mwenzangu, akaona tumeandika anwani moja na kijiji kimoja. Akamwita, tukasimama wote wawili mbele ya meza. Akatueleza kwamba kampuni haiweki ndugu wawili katika ofisi moja, maana ofisi yao ya mji mwingine ilikuwa imegeuka boma la familia. Akaacha Kiingereza akageukia Kiswahili, nadhani kwa wema, ili tusiogope.

"Sitaki mambo ya ukoo, huko nyinyi nyote ni ndugu," akasema. "Nauliza hivi tu: baba yenu ni mmoja?"

Sasa mtu asiye wa kwetu lazima aelewe. Kwa Ekegusii, lugha yetu, neno baba maana yake ni mama. Yule mwanamume aliyekuzaa ni tata. Shuleni tunafundishwa kugeuza, na baada ya miaka mingi ulimi unageuza wenyewe. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili, si mwaka mmoja wala miwili. Lakini siku ile moyo ulikuwa unanienda mbio, na aliposema "baba yenu" nilimwona mama, na sisi wawili kifuani pake.

"Ndiyo," nikasema. "Baba yetu ni mmoja."

"Hapana," akasema mwenzangu. "Baba zetu ni wawili. Sisi ni binamu."

Binamu! Nilimgeukia kama ninayemwona mara ya kwanza. Yule bwana akavua miwani. "Mmoja wenu ananidanganya."

Ndipo nikatambua nilichosema. Nikasema samahani, nilitaka kusema mama. Akauliza, "Kwani nimeuliza mama?" Nikasema hapana, lakini kwetu baba... "Kwenu baba ndiyo nini? Baba yako ndiye baba yake?" Nikasema ni baba yake pia, kwa sababu ni kaka mkubwa wa baba yake. Loo! Kila nilipofungua mdomo nilizidi kujichimbia. Akaangalia karatasi yenye alama zangu, akatikisa kichwa. "Wa kwanza katika mtihani wa kufikiri," akasema, "na hujui baba ni nani." Akapiga mstari kwenye jina langu.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini mwenzangu alikuwa amesimama hapo, bega lake likigusa langu. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemuaga mama mlangoni akimwita baba. Alikuwa mtu pekee chumbani mle aliyejua ulimi wangu umeteleza wapi. Angesema tu, "Bwana, kwa lugha yetu baba ni mama, amechanganya," nasi sote tungeajiriwa, maana nafasi zilikuwepo. Hakusema. Aliangalia meza. Nimemtafutia sababu miaka yote hii: aliogopa, alichanganyikiwa, alidhani nitajieleza mwenyewe. Hakuna hata moja iliyoniingia.

Alibakizwa ajaze fomu, alale kwa shangazi mjini. Nilirudi peke yangu. Nilimkuta mama nje ya jiko anamenya ndizi, nyingi kuliko za siku zote, kwa sababu alijua tunarudi na habari njema.

"Imekuwaje?"

Nikamwambia nimekosa, mwenzangu amepata. Akaacha kisu. Akauliza imetokea nini. Niseme wazi: wakati huo moyo haukuwa unanienda mbio, wala sikuwa nimechanganyikiwa. Nilijua kugeuza. Nilikuwa na neno tata mdomoni, tayari kabisa. Nikalimeza. Nilisema kwa lugha yetu, pole pole, na lile neno la Kiswahili nikaliacha lilivyo.

"Aliulizwa mbele ya wakubwa kama baba yetu ni mmoja. Akakataa. Akasema yeye ana baba yake."

Mama hakulia. Aliuliza, "Alisema hivyo? Mdomo wake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya zile ndizi mpaka zikaisha.

Mwenzangu alifika kesho yake mchana na mkate na sukari, anakimbia kutoka njiani, anaita "Baba! Baba!" Mama akatoa kile kigoda cha wageni, akakifuta kwa kanga. "Karibu, mgeni. Keti." Mwenzangu akacheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka.

"Baba, kuna nini?"

"Baba yako ni yule aliyekuzaa. Mtafute."

Akanigeukia mimi. Nilikuwa nachagua mawe kwenye nafaka ya wimbi, nikaendelea kuchagua. Akauliza tena na tena nini kimetokea, mama akamjazia chai kikombe cha wageni. Jioni alifunga nguo zake akashuka kwenda barabarani akilia kwa sauti, majirani wakatoka kutazama.

Niliolewa kabla ya Pasaka. Ya huko sitaki kuyazungumza. Mwenzangu alikuwa karani, kisha karani mkuu, na kila alipopata mshahara alimtumia mama kifurushi: kitambaa, majani ya chai ya dukani, dawa ya miguu. Mama alikirudisha na mtu yuleyule aliyekileta, kamba haijafunguliwa.

Miaka ile ya sabini ilipokuwa inaisha mama aliugua, nikaomba ruhusa kwa mume nikaja kumuuguza. Alikuwa amekonda, mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Siku moja nilipokuwa nampaka mafuta miguu alinishika kifundo cha mkono.

"Yule mtoto," akasema. "Nimewaza sana. Nilimnyonyesha mwaka mzima na zaidi. Kweli alisema? Huenda hukusikia vizuri."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa peke yetu, na mwenzangu alikuwa mjini, angefika kabla ya jua kutua kama angeitwa. Mama alinitazama akingoja.

"Alisema, baba," nikamjibu. "Nilisikia vizuri."