Mwindaji wa Nyotani Tuliyemhamishia Mlimani

Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu sebuleni na wenzake wanne wamezunguka meza, wana kete zenye pembe nyingi na karatasi zilizojaa namba. Nikauliza wanafanya nini. Akanieleza, kwa ile subira ambayo watoto wa siku hizi huwatolea wazazi wao, kwamba anamchukua mwindaji wa watu kutoka filamu ya angani na kumgeuza awe mhusika katika mchezo wa falme na mazimwi. Kilichomkwaza ni bunduki ya mwanga. Hakujua aigeuze iwe nini. Nikamwambia upinde wenye mishale mitatu. Akanitazama kwa mashaka, maana mama yake hajui hata kubadilisha chaneli. Sikukaa. Nilikwenda jikoni nikaanza kuchagua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa.

Maana mwindaji huyo, ndugu yangu, nilishamhamisha mimi zamani, katika miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Morogoro mjini yalianza tena kuwa na sabuni na sukari, na nguo za mitumba zilipanda Uluguru zikiwa migongoni mwa wachuuzi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikiishi kwa bibi yangu, juu kidogo ya misheni. Asubuhi tuliamshwa na kengele ya kanisa, tukachota maji, tukala magimbi ya kuchemsha na chai ya tangawizi, ndipo twende kuokota kuni. Harufu ya moshi na udongo wenye majimaji naisikia hata sasa ninapokuandikia.

Likizo moja nilipelekwa mjini kwa mama mdogo. Jirani yake alikuwa muuza duka wa Kihindi, na Jumapili mchana aliweka video uani nyuma ya duka, sisi watoto tukakaa juu ya magunia matupu ya mchele wa Dakawa. Ndipo nilipomwona mtu mwenye uso wa chuma, anayesafiri kutoka nyota hadi nyota akiwakamata waliotoroka ili apewe zawadi. Hakumwamini mtu hata mmoja. Nilimpenda papo hapo, nami tangu nizaliwe ni mtu wa kushuku. Bibi alikuwa akisema hata ziwa la mama nililinusa kwanza.

Niliporudi mlimani, nilimkuta binti wa mwalimu wa chuo cha Mzumbe amekuja likizo kwa nyanya yake. Baba yake alikuwa amesoma Ulaya, na kutoka huko binti alirudi na mchezo usio na mpira wala kamba. Msimulizi anakuambia uko wapi, wewe unasema unafanya nini, na kete zinaamua kama umeweza. Kete zetu zilikuwa punje tano za mahindi zilizounguzwa upande mmoja. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake: mmoja malkia wa mvua, mwingine mganga mwenye nyoka. Mimi nikasema nataka mwindaji wa nyotani. Binti wa mwalimu akafikiri, akasema, "Huku nyota hamna, mlima ndio upo. Tafuta vinavyofanana."

Basi nikatafuta. Chombo chake cha kusafiria kikawa ukungu unaoshuka alasiri. Bunduki ikawa upinde. Mashine yake ya kunusa watu ikawa yule ndege anayewaongoza warina asali, ila wake aliongoza kwenye watoro. Ukabaki uso wa chuma, na huo alinitengenezea mume wa jirani.

Huyu mume wa jirani alitoka Dumila, akaoa kwetu na kuhamia kwa mkewe. Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamume aliyeoa hulima shamba la wakwe na kulala nyumba ya wakwe, na hata akikaa miaka ishirini bado ni wa kuja. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," watu walisema, na bibi yangu aliongeza, "ukishampa, hesabu yaliyobaki." Lakini mimi nilimpenda. Kila Jumatano alishusha matenga ya karoti na kabichi sokoni mjini, na hakurudi bila maandazi ya sisi watoto. Alilichukua kopo la mafuta ya kupikia, akalitoboa macho mawili, akaukunja ule ukingo kwa nyundo usinikate shingo.

"Huyu mtu wako anaogopa nini hata afiche uso?" aliniuliza.

"Haamini mtu."

"Basi ana kazi kubwa," akasema, akacheka.

Kopo lilikaa nyumbani kwake, kwa sababu bibi alisema wanaofunika uso ni wezi. Ndani yake nilificha kitu ambacho hakuna mchezaji mwenzangu aliyekiona: orodha ya wanaotafutwa. Kule kwenye video kila mtoro alikuwa na sura na mahali alipoonekana mwisho, nami sikujua sura nyingine zaidi ya za majirani zangu. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari: "Mwenye kovu shavuni. Ameonekana juu ya maporomoko, ng'ambo ya mawe ya mpaka, akipalilia iliki. Zawadi ng'ombe wawili." Nikaandika watu sita hivyo.

Lazima nikueleze kuhusu iliki. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda hadi kwetu, bei ikawa nzuri, na watu wakavuka mawe ya mpaka wakalima ndani ya msitu wa hifadhi. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Sisi watoto tuliwaona tulipokwenda kuni. Mwenye kovu alikuwa kaka wa yule jirani yetu, shemeji wa mtengeneza kopo.

Likizo ikaisha, binti wa mwalimu akarudi Mzumbe. Wiki hiyohiyo bwana misitu alipanda na askari, wakaenda moja kwa moja juu ya maporomoko, wakafyeka iliki yote, wakashuka na wanaume wawili. Mmoja ni mwenye kovu. Nani aliwatonya sijui mpaka leo. Sikuwa mimi, karatasi yangu haikutoka kwenye kopo. Lakini kijiji kilianza kuangaliana. Watu waliacha kuombana moto. Wanaume wakaanza kupekua nyumba za wote wanaoshuka mjini, na nyumba ya mume wa jirani ilikuwa ya kwanza.

Kesi ilikaa uani kwa mjomba mkuu wa ukoo, Jumapili baada ya misa. Kopo liliwekwa juu ya kigoda na karatasi mbele yake. Mume wa jirani alipewa aisome. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo alifuata mstari kwa kidole, na herufi zake alipoandika zilikuwa kubwa na zimepinda, sawa na zetu sisi wa darasa la nne. Alipomaliza aliinua macho, akatafuta taratibu katika watu mpaka akanifikia. Akaikunja karatasi.

"Si mwandiko wangu," alisema.

"Wa nani?" mjomba akauliza.

"Sijui."

Mkewe akasema kopo ni la mtoto, la kuchezea. Mjomba akaniita mbele. Nilimwamkia, nikasimama karibu na kigoda.

"Kopo hili lako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na karatasi?"

Nilimwona mke wa mwenye kovu amekaa chini, kanga imefunika mdomo. Nikasema si yangu.

"Kaificha kwenye mchezo wa mtoto," mjomba akawaambia watu. "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa ukoo angeweza kusema uongo mbele ya mjomba wakati yupo mtu wa Dumila wa kushukiwa. Mume wa jirani akaamriwa arudi kwa mama yake. Alishuka asubuhi iliyofuata na blanketi, jembe na tenga moja. Nyumba aliyoijenga na migomba aliyoipanda ilibaki, ndiyo desturi. Mkewe hakumfuata. Alisema hawezi kumfuata aliyemfungisha kaka yake.

Bibi hakuniuliza neno. Alinipakulia makande, akanitazama nikila. Ila tangu siku hiyo alianza kulifunga kasha lake kwa ufunguo, na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Niliona aibu ambayo sijawahi kuipata kwa fimbo yoyote.

Nilikuja kumwona mume wa jirani nikiwa mtu mzima, nikisafiri kwenda Dodoma. Gari lilisimama Dumila, naye alikuwa kando ya barabara na meza ya vitunguu, amezeeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nikupimie vitunguu?"

Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba ile karatasi niliandika mimi. Aliendelea kupanga vitunguu vyake.

"Nilijua palepale," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Mkwe amtaje mtoto wa ukoo? Wangemwamini nani?" Akakitoa pembeni kitunguu kimoja kilichooza. "Nilikaa sokoni mjini siku tatu. Nilisema mtoto akilala akiamka atasema, wataniita. Siku ya nne nikapanda gari."

Nilimwambia mkewe amefariki. Akasema hilo alilisikia. Anachouliza ni kama kabla ya kufa aliambiwa kwamba karatasi haikuwa ya mumewe. Nikamjibu hapana. Akatikisa kichwa, akamgeukia mteja mwingine.

Mjomba naye amekwisha kufa, na bibi, na mwenye kovu. Nyumba ya jirani imeanguka, nyasi zimeota hadi mlangoni, na waliopo pale juu sasa ni vijana wasionijua, wanaoniamkia shikamoo na kuniuliza natafuta nani. Ninapopanda huwa nimejiandaa kusema kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuniuliza kama ile karatasi ni yangu.